Safari ya Sanje: thibitisheni kabla ya Jumatano

Habari za jioni ndugu wanakikundi. Ijumaa tunaondoka Mbezi Mwisho saa 11 alfajiri kamili. Gari halisubiri mtu. Tutalala Mang'ula, na Jumamosi asubuhi tutapanda maporomoko ya Sanje, Milima ya Udzungwa.

Mchango ni 120,000 (usafiri, malazi, chakula) kwa mweka hazina. Ada ya hifadhi haimo.

Kuhusu maji, naomba msome vizuri:

1. Tutaogelea pale tu atakaporuhusu mwongozaji. Hakuna kupiga mbizi wala kuruka kutoka mwambani, kwa sababu jiwe la chini halionekani.
2. Maji ni ya baridi. Ukijitupa ghafla pumzi inakata, unaweza kumeza maji. Ingia taratibu, subiri pumzi itulie, ndipo uogelee.
3. Mvua ikinyesha juu mlimani, sisi chini tunaweza kuwa juani. Maji yakibadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au yakianza kupanda, toka upesi uende juu ya ukingo. Mabegi yaache!
4. Mkondo ukikuchukua, usisimame: mguu ukinasa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele, jisogeze pembeni kwa mikono.
5. Jaketi okozi likivutwa mabegani na kufika masikioni, limelegea.

Baba Neema, kamba ya mita 20 na filimbi ni zako. Mama Asha, huduma ya kwanza.

Jibuni hapa kabla ya Jumatano saa 2 usiku: jina, kilo zako (za jaketi), na kama unajua kuogelea. Msione haya kuandika "sijui".