Barua ya wazi kwa wanafunzi wa elektroniki wa Kisumu wanaounda inveta

Wanangu,

Msimu wa miradi umefika na wengi wenu mmechagua inveta ya kugeuza volti 12 za betri kuwa 240. Mmechagua vyema. Ombi langu ni moja: msianze na chipu, anzeni na ampea.

Wati 300 kwa volti 12, mkikadiria ufanisi wa asilimia 85, ni karibu ampea 29. Tumieni kebo ya milimita 10 za mraba, fupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Transfoma ya UPS (kifaa cha akiba ya stima cha kompyuta) iliyokufa, mnayoipata soko la Kibuye, inafaa, lakini iliundwa kubeba mzigo kwa dakika chache. Mkitaka ifanye kazi saa nzima, ipeni nusu ya wati zake.

Chipu ya kutoa mapigo ya kuwasha na kuzima pande mbili za saketi kwa zamu: SG3525 kuliko CD4047. Hii ya pili haiachi mwanya kati ya upande mmoja kuzima na mwingine kuwaka, tena mkondo wake ni mdogo mno kujaza upesi geti (mguu wa kuwashia) la IRF3205, mosfeti inayofanya kazi ya swichi ya mkondo mkubwa. Mosfeti hukaa nusu wazi ikichemka. SG3525 hugawa masafa yake kwa mbili, kwa hivyo mpate Hz 100 ili itoke 50: kapasita ya mikrofaradi 0.1 na rizista ya kilo-omu 143 hivi (120 na preseti, yaani rizista ya kurekebisha, ya 47), kisha omu 100 kati ya pini 5 na 7 kwa ajili ya mwanya. Kila geti liwe na omu 22 zake, na kilo-omu 10 kwenda sosi, mguu wa mosfeti unaoenda hasi.

Sasa kuhusu bati la kupozea, maana hapa ndipo miradi mingi huungua. Mgongo wa chuma wa IRF3205 ni dreni yenyewe, mguu unaoungwa kwenye transfoma. Mkizifunga mosfeti za pande zote mbili kwenye bati moja bila karatasi ya maika isiyopitisha umeme na bushi ya plastiki kwenye skrubu, mmeziunganisha ncha mbili za transfoma. Pimeni kwa mita, mgongo hadi bati, kila mosfeti peke yake, kabla ya kutia solda. Mita isome wazi kabisa.

Mara ya kwanza, wekeni balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, mfululizo kati ya betri na saketi, bila mzigo. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti: zimeni, tafuteni. Ikififia, endeleeni.

Inveta hii hutoa wimbi la mraba, si la mviringo kama la stima. Mita ya bei rahisi husoma wimbi hilo zaidi kwa asilimia 11, kwa hivyo 240 inayoonyesha ni kama 216. Wala msiwashe friji kwa wimbi hilo. Mota yake itapata joto.

Na kamwe msichomeke inveta kwenye soketi ya nyumba stima ikipotea. Transfoma ya mtaa itapandisha volti hizo hadi kwenye laini, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini imezimwa. Wekeni swichi ya kubadilisha, ya pande mbili, inayokata laini na nyutro zote.