Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: damu haisubiri PF3

Mheshimiwa Waziri,

Kwa umri wangu pengine ningesubiri nipewe shikamoo, lakini cheo ni cheo, kwa hiyo natangulia mimi: habari za kazi, na poleni na majukumu ya kitaifa. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka 33 katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Mkoa wa Morogoro, nikaagwa kwa soda, keki na cheti chenye jina langu lililokosewa herufi mbili. Kikokotoo cha pensheni tukiache, hicho nitakiandikia barua yake.

Mwaka huu nimeshaandika barua mbili kwa kufuata ngazi, kama nilivyofundishwa utumishini. Zote zilihusu sindano za uzazi wa mpango kukosekana kwenye zahanati ya mtaani kwetu. Ya kwanza iligongwa mhuri wa "imepokelewa". Ya pili hata mhuri haikupata. Sasa naandika mbele za watu, maana Jumanne iliyopita nimeona zile barua zangu zimeishia wapi.

Saa nne usiku mtoto wa mpangaji wangu aligonga dirisha. Ana miaka sita. Akasema, "Bibi, mama amelowa." Nilimkuta mama yake sakafuni, juu ya mkeka, khanga mbili zimeloa chapachapa. Nilimwuliza swali moja tu: miezi mingapi? Akasema mitatu. Sikuuliza jingine. Ameniruhusu niandike habari zake, ila jina nalihifadhi. Humu nitamwita Mama Wawili, kwa sababu watoto anao wawili.

Bajaji ilidai shilingi 8,000 kwa safari ya 3,000. Nililipa. Pale mapokezi kijana wa zamu aliitazama khanga, uso hakuutazama. "Imetoka yenyewe au imetolewa?" Mama Wawili akanyamaza. "Basi nendeni kituoni mkachukue PF3. Sisi hatuwezi kuingizwa kwenye kesi za watu."

Mheshimiwa, PF3 ni fomu ya polisi. Anaandikiwa aliyepigwa, aliyechomwa kisu, aliyegongwa na gari. Huyu nani amempiga? Na kama sheria ya aliyepigwa ni hiyo, je, damu nayo imeelezwa isubiri askari atafute kalamu?

Tulikaa kwenye benchi tangu saa tano kasoro mpaka saa tisa na robo. Nilikuwa namshika mkono nikihesabu mapigo: 112, halafu 124, halafu nikaacha kuhesabu maana nilikuwa najitisha mwenyewe. Nikaomba awekewe hata dripu. Nikaulizwa, "Mama, kwani wewe ni nani hapa?" Swali la haki kabisa. Si mtu yeyote. Mstaafu.

Kwenye benchi hilo hilo palikuwa na binti mwingine, amejifunga kitenge juu ya sweta la shule, mfuko wa plastiki mapajani. Naye alikuwa ametumwa PF3. Nitamrudia.

Saa tisa na robo akapita nesi kutoka wodi ya wazazi, amekuja kuazima glavu. Akasimama. "Mama! Unafanya nini hapa?" Nilimfundisha mimi yule, alipokuwa mwanafunzi anayeogopa hata kumshika mtoto mchanga. Mheshimiwa, ungeona mambo yalivyogeuka. Dripu ikapatikana. Daktari wa zamu, aliyekuwa "ametoka kidogo", akarudi. Damu chupa mbili zikapatikana. Mama Wawili akasafishwa kizazi kwa ile pampu ya mkono, kazi ya robo saa. Saa nne na nusu za benchi kwa kazi ya robo saa!

Kwa hiyo amepona kwa kujuana.

Najua swali linalofuata, maana jirani zangu wamekwisha kuliuliza kwa sauti ya chini wakati wanaleta uji: kwani alitoa kwa nini? Nitajibu, ingawa hakuna anayemdai jibu hilo mtu anayevuja damu. Mumewe yuko machimboni Chunya, huja Krismasi na Pasaka. Yeye anauza chapati na maharage stendi. Alikuwa anachoma sindano ya miezi mitatu. Tarehe yake ilipofika aliambiwa zahanati haina, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo akaambiwa hivyo hivyo. Mume akaja, mume akaondoka. Alipompigia simu kumweleza, jibu lilikuwa maneno mawili: "Fanya unavyojua." Akafanya anavyojua. Alinunua vidonge kwa mtu, hajui ni vya nini, hajui ni vingapi vinafaa, bila hata maelezo ya kwenye boksi.

Kwa nini sindano hazikuwepo? Sijui. Labda bohari, labda wafadhili wamefunga mkoba, labda kuna mtu bado yuko Septemba 2018, pale Rais alipowaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango na wizara hii hii ikasimamisha matangazo yake redioni na kwenye runinga. Uongozi ulibadilika, matangazo sijui, lakini ninachojua ni kwamba ukiwaambia watu jambo ni la aibu kwa kipaza sauti, ukija kulisahihisha kwa mnong'ono hawasikii.

Sasa naomba nikiri jambo, nisije nikaonekana mtakatifu. Mwaka wangu wa tatu kazini aliletwa msichana kwa baiskeli kutoka kijijini. Alikuwa ametumia kijiti cha muhogo. Alikuwa analia, nami nikamwambia yale tuliyokuwa tunayasema wote: "Ulipokuwa unafanya mbona hukulia?" Nikamwacha nikaenda kuandika ripoti. Sikuwa na haraka. Nilidhani maumivu yatamfunza. Alfajiri homa ilishapanda, na mchana alikufa, akiniita dada. Kwa hiyo yule kijana wa mapokezi nikimkasirikia, namkasirikia mtu ninayemfahamu vizuri.

Mimi ni mwanakwaya, Mheshimiwa. Sisemi kutoa mimba ni kama kung'oa jino. Nimeshika vilivyotoka, kwenye bakuli, nikavifunika kwa kitambaa, na mikono yangu inajua uzito wake. Mchungaji akihubiri kwamba uhai ni uhai naitikia amina, na siitikii kwa mdomo tu. Lakini nimehudhuria pia zile semina za hotelini, chai na sambusa, wanapozungumzia haki ya mwanamke kuchagua, na huko nako nilijikuta natikisa kichwa kukubali. Watu wananiuliza niko upande gani. Miaka 33 nimekaa upande wa kitanda. Ukiwa pale unaona kwamba mwanamke keshaamua kabla hajakufikia, ameamua peke yake, usiku, na hesabu za unga na ada kichwani. Hajaniomba ruhusa mimi, wala mchungaji, wala wewe. Hesabu yake na Mungu ni yake. Yangu mimi ni kama nilimtibu.

Na sheria? Nimeisoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150, anayemtoa mwingine mimba: miaka 14. Kifungu cha 151, mwanamke mwenyewe: miaka 7. Kifungu cha 152, anayetoa dawa au kifaa akijua ni cha kazi hiyo: miaka 3. Bwana wa "fanya unavyojua" sijaona kifungu kinachomgusa, pengine miwani yangu imechoka. Kipo pia cha 230, kinachomlinda daktari akifanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Hicho hakuna aliyewahi kunisomea kazini, nilikisoma mwenyewe baada ya kustaafu. Tena vifungu hivi vya adhabu tulirithi kwa Mwingereza, naye aliviandika kwao mwaka 1861. Mwenyewe alikwisha kulegeza mwaka 1967. Sisi tuliopewa mtumba ndio bado tunaupiga pasi. Zambia, hapo ukivuka Tunduma tu, walitunga sheria yao mwaka 1972.

Lakini hata bila kugusa sheria, Mheshimiwa, hakuna kifungu kinachosema mtu asitibiwe. Hakuna! Wizara yako ina huduma inayoitwa huduma baada ya mimba kuharibika. Mimi mwenyewe nilipelekwa mafunzo yake, nikafundishwa hiyo pampu, na tuliambiwa waziwazi: iwe imetoka, iwe imetolewa, mtibu. Yule kijana nadhani hajui, au anajua na anaogopa polisi, au alitaka ya soda. Sitaki kumsingizia. Ninachoona ni kwamba mwongozo umelala kwenye kabati la mtu, na ufunguo anao mtu aliye likizo.

Halafu kuna ile ahadi. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake. Kifungu cha 14 kinazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha afya yake ya mwili au ya akili, au uhai. Hatukulazimishwa. Jirani zetu Wakenya waliporidhia walikiwekea kipengele hicho pingamizi, angalau walisema wazi hawakitaki. Sisi tulikubali chote, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani na Kanuni ya Adhabu ikabaki ilivyo. Kama hamkukusudia, mngesema.

Mmetutangazia pia kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Napongeza kwa dhati, jasho langu limo humo. Ila utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikadiria mimba zilizotolewa nchini mwaka huo kuwa zaidi ya laki nne, na wanawake 66,600 hivi wakatibiwa madhara katika vituo. Wengine walikwenda wapi?

Hapo ndipo namrudia yule binti wa sweta. Tulipokuwa tunamsukuma Mama Wawili kwenda ndani, alininyanyulia macho. Nilimwambia, "Nakuja." Mama Wawili alipotulia nikatoka, ilishakuwa inakaribia saa kumi na moja. Benchi lilikuwa limefutwa, bado lina unyevu, na mama wa usafi anamimina Jik sakafuni. Akasema yule mtoto aliondoka kabla ya adhana, anatembea ameshika ukuta. Kesho yake nikarudi, nikamwomba yule nesi wangu anitazamie kwenye rejista. Hayumo. Hakuandikishwa, maana hakuwa na PF3. Nimeulizia stendi, nimeulizia shule mbili, naulizwa namtafuta kama nani yake. Sina jibu zuri.

Nilikuwa nimeandika maombi sita, Mheshimiwa. Sindano zirudi. Sheria iletwe bungeni ilingane na tulichokiridhia. Watumishi wafundishwe upya. Nimeyafuta mengine, najua hatima ya barua ndefu. Nabaki na moja. Toa karatasi moja, yenye mhuri wako na saini yako, ibandikwe mapokezi ya kila hospitali, kituo cha afya na zahanati: mwanamke anayetoka damu atibiwe kwanza, haitakiwi PF3. Maneno hayahitaji kuzidi hapo. Gundi nitanunua mimi, na ya mtaani kwetu nitaibandika mwenyewe, usawa wa macho ya aliyekaa benchini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkunga mstaafu, Morogoro

Nakala: Mganga Mfawidhi wa hospitali husika, anajijua.