Malalamiko kuhusu kaveera (mfuko wa plastiki) katika sufuria ya matoke

Kampala, 18 Agosti

Kwa Mzee na Mama wenye mgahawa,

Salamu kwenu na kwa watoto wenu wanaotuhudumia mezani.

Mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa tatu. Jumapili iliyopita nilimleta shangazi yangu aliyetoka Bukoba kwa basi kupitia Mutukula. Nilimwahidi kwamba atakula matoke yaliyopikwa kama ya kwao, kwa sababu ubao wenu wa mlangoni unasema mnapika chakula cha msimu, cha wakulima wa hapa hapa, bila kuharibu mazingira.

Matoke yaliletwa juu ya jani bichi la mgomba, na mchuzi wa karanga pembeni. Shangazi alimega tonge, akalitazama, kisha akavuta kwa kucha kitu chembamba chenye kung'aa, urefu wa kidole. Kilikuwa kipande cha kaveera, kingo zake zimejikunja kwa moto. Hakusema neno. Alikiweka ukingoni mwa sahani, akaomba maji ya kunawa. Niliona aibu kana kwamba nimempikia mimi.

Kijana wenu alikubali nione jikoni, na kwa hilo namshukuru. Juu ya sufuria palikuwa na majani mawili tu. Chini yake, ndizi zote zimefunikwa kaveera nzito. Mpishi alinieleza kwamba majani yamepanda bei na kaveera huivisha upesi. Namwelewa, mjini kila jani linanunuliwa. Lakini Mama, wewe unajua kuliko mimi kazi ya jani. Linababuliwa motoni mpaka lilainike, uti wake unatolewa na kutandikwa chini ya sufuria, ndizi zinafungwa humo, na zikishaiva zinabonyezwa zingali ndani ya jani lile lile, kisha zinarudishwa motoni. Harufu inayobaki ndiyo tunayoifuata kwenu. Plastiki ikipata joto kali huachia kemikali kwenye chakula, nasi tunawalisha watoto. Baada ya hapo inatupwa na kuziba mitaro, na mvua ikinyesha Kampala sote tunaona matokeo yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya maikroni 30. Yenu ni mizito zaidi, labda sheria hiyo haiigusi. Ubao wenu unaigusa.

Kuna na jambo dogo la senene, wale panzi wa kuliwa. Mmeandika "wa msimu" na huu ni Agosti, wakati senene huanguka kama Novemba, na tena Aprili hadi Mei. Wa friza si vibaya, shangazi mwenyewe hukausha wake akaweka. Andikeni tu kwamba ni wa friza.

Naomba kaveera itoke kabisa katika sufuria zenu. Ikibidi bei ya sahani ipande kwa ajili ya majani, pandisheni. Nitalipa, na najua wengi watalipa. Kama hamwezi, futeni maneno yale ubaoni. Naomba pia mnirudishie shilingi 36,000 za sahani mbili ambazo hatukula. Risiti nimeiambatisha.

Shangazi anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Mkinijibu kabla ya hapo kwamba mmerudi kwenye majani, nitamleta tena.

Wenu,
Mteja wa meza ya dirishani