Barua kwa Tatu, kuhusu usingizi na kanda ya Mzee

Kibirizi, Kigoma
Jumapili, baada ya Alasiri

Mpendwa dada yangu Tatu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi, na hilo ndilo lililonikalisha nikuandikie.

Asali uliyompa Hamisi ilifika salama, wala haikumwagika njiani kama ile ya mwaka juzi. Ahsante sana. Lakini pamoja na asali alinifikishia na maneno yako, kwamba nimekunyamazia tangu arobaini ya Mama, na kwamba kila ukinipigia simu nasema sijambo kisha nakata. Ni kweli tupu, na naomba unisamehe. Katika simu neno sijambo hunitoka kabla sijalifikiri. Kalamu hainiharakishi, ndiyo maana leo nimeamua kuandika.

Tatu, silali. Tangu Mama atangulie mbele ya haki sijapata usiku mmoja mzima, na huu sasa ni mwezi wa nane tangu hapo. Unakumbuka kwamba kwa miezi kumi na minne nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Sauti ilipomwisha, alikuwa akiniita kwa kugonga pete yake kwenye chuma cha kitanda, mara tatu, taratibu, nami nilikuwa nimekwisha kuinuka kabla ya pigo la tatu. Mama hayupo, lakini sikio langu halijapewa ruhusa ya kuondoka zamu. Jirani akikoroga chai alfajiri na kijiko kikagusa kikombe, hujikuta nimesimama katikati ya chumba, kanga mkononi, sijui nakwenda wapi.

Nilikwenda hospitali, na daktari alinisikiliza kwa utulivu. Hakutaka nianze kutegemea vidonge. Alinishauri niamke saa ileile kila siku hata kama sikulala, niache kusinzia mchana, na nikikaa kitandani kama dakika ishirini bila kupata usingizi niondoke, nikakae sebuleni kwenye mwanga hafifu hadi macho yawe mazito, ili kitanda kisigeuke mahali pa kuhangaikia. Nimeyafuata yote hayo na yamenisaidia, maana zamani nilikuwa nikigaagaa hadi adhana. Lakini hayakuligusa lile sikio. Visomo vyangu vya kulalia navisoma kama kawaida na moyo hutulia; tatizo linaanza baada ya hapo, nyumba ikishakuwa kimya.

Na kimya cha hapa kina majira yake, jambo ambalo wewe wa Tabora huenda hulijui. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, na mashine za mitumbwi husikika zikienda mbali hadi zinakuwa mvumo mmoja tu. Usiku huo mimi hulala angalau saa tatu. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, wavuvi hupumzika, ziwa linanyamaza kabisa, nami nakesha. Nimekumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaane. Wakati huo Mama alikuwa mzima, nami nikasema kimya kile ni neema. Kimya ni kilekile, Tatu, lakini sasa nakiogopa.

Shabani ndiye aliyesema nitafute muziki. Kwanza aliniwekea kwenye simu sauti za mvua na mawimbi, saa nane mfululizo. Zilikuwa nzuri, lakini hazina kitu cha kushika: sikio linazipita kama mtu anavyopita uwanja mtupu, likifika ng'ambo linaendelea kusikilizia pete. Akaniletea nyimbo zetu za zamani zilizopigwa kwa gitaa peke yake, bila maneno, akidhani maneno ndiyo yanayonikesha. Mambo yakawa mabaya zaidi. Saa tisa usiku nilikuwa nikijaza beti zote kichwani, ubeti wa tatu ukinipotea naanza upya. Baadaye alinisomea kwamba mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, Michael Scullin, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa jambo hilihili. Waligundua kwamba nyimbo maarufu zikipigwa bila maneno hung'ang'ania kichwani kuliko zikiwa na maneno yake, na kumwamsha mtu usiku. Nilifarijika kujua kwamba si mimi peke yangu.

Taarabu sikuweza. Unanijua, fumbo likipita mbele yangu siliachi hadi nilifumbue, na hiyo ni kazi ya mchana. Bendi ya Tabora Jazz ndiyo kabisa: wanaanza tu, mimi niko kwenye ukumbi wa chuo, umevaa lile gauni la njano, na dada yake Kulwa anatutafuta mlangoni. Ni furaha, lakini furaha haimlazi mtu.

Kisha Shabani alinitafutia kazi ya mtunzi wa muziki Max Richter, ya mwaka 2015, iliyotungwa makusudi isikilizwe na mtu aliyelala, inachukua zaidi ya saa nane. Naiheshimu sana. Inakwenda polepole kama pumzi ya mtoto. Lakini kwangu mimi ilikuwa na nafasi kubwa mno kati ya noti na noti, na katika kila nafasi nilikuwa nikisikilizia. Hapo ndipo nilipoielewa haja yangu: nahitaji muziki mpole usionisisimua, lakini wenye kazi ndani yake, wa kulishika sikio mkono na kulipeleka mahali. Kumbe sikio likiachwa bila kazi hujitafutia.

Nilipomweleza Shabani hivyo alinisimulia kisa kimoja cha Ulaya. Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika maisha ya mtunzi wa muziki Bach mwaka 1802, anasema kwamba balozi wa Urusi katika nchi ya Saxony, mwungwana aliyeitwa Keyserlingk, alikuwa mgonjwa na hapati usingizi, na alikuwa na kijana mpiga kinanda, Goldberg, aliyelala chumba cha pili ili ampigie usiku. Yule balozi akamwomba Bach amtungie vipande vilivyo laini lakini vyenye uchangamfu kidogo, vya kumliwaza katika saa hizo. Wajuzi wengi wanakitilia shaka kisa hiki, kwa sababu kitabu cha muziki huo kilichopigwa chapa mwaka 1741 hakimtaji balozi popote, na Goldberg mwenyewe wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Mimi sijali sana kama ni kweli. Kilichonigusa ni lile ombi. Laini, lakini vyenye uchangamfu kidogo! Mtu huyo, kama alilitamka kweli au alitungiwa, alijua kukesha ni nini.

Nimeusikiliza muziki huo juma zima. Ni wimbo mmoja mwanzoni, halafu mageuzi thelathini, halafu wimbo uleule tena mwishoni, na chini yake msingi wa besi ni uleule kila mara, kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia thelathini. Mageuzi mengine yananifaa hasa. Mengine yana mbio, vidole vinakimbizana, na nilikuwa nikishafumba macho naamshwa. Nikajaribu kora ya Toumani Diabaté wa Mali, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1988 alitoa santuri ambayo ndani yake ni yeye na kora yake tu. Chombo hicho kina nyuzi ishirini na moja, vidole gumba vinashika besi na mwendo, vidole vya shahada vinatembeza nyimbo juu yake, hata ungeapa kwamba wamekaa watatu. Hapo nilipata usiku mbili za saa nne nne. Ninaisikiliza hadi leo.

Lakini sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua mawese kwa yule mama wa karibu na gati, wa upande wa Burundi. Alikuwa akipima, simu yake iko juu ya ndoo, na ndani ya simu inalia inanga, kile chombo cha nyuzi cha kwao. Sikuitambua mara moja. Nilisimama na chupa yangu mkononi, mwili ukanilegea, nikasikia kama naitwa na harufu ya nyumba yenu. Tatu, ni kanda ya baba yako! Ile aliyokuwa akiiweka baada ya Isha, tulipokuja likizo, akazima taa ya sebuleni, nasi tumelala chumba cha nyuma mlango ukiwa wazi. Hatukuwahi kufika mwisho wa upande wa kwanza. Mimi nilidhani ni uchovu wa safari ya treni.

Yule mama alinirushia wimbo ule mmoja aliokuwa nao, na usiku ule nililala kabla haujaisha. Nimefikiri sana kwa nini. Inanga ni mti mmoja uliochongwa kama hori la kina kifupi, na uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na huku kwenye mapengo ya kingo zake hadi unakuwa nyuzi nyingi. Sauti yake ni ndogo, kwa hiyo mpigaji haimbi kwa koo, ananong'ona. Na mnong'ono hauna juu wala chini. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka, halafu sikio lenyewe linaviunganisha, unaamini kabisa kwamba ule mnong'ono unaimba. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiitafuta. Maneno nayo hayanisumbui, maana Kiha changu ni cha sokoni na Kirundi nakishika kwa kudokoadokoa, nasikia ng'ombe, nasikia mlima, nasikia jina la mtu, halafu yananiponyoka. Na zaidi ya yote, ni mtu anayenong'ona chumbani usiku. Sikio langu linaona kuna mtu mwingine aliyeshika zamu.

Wimbo mmoja ukirudiwa kila usiku, hata hivyo, nao huanza kung'ang'ania. Nahitaji mrefu, wa kutosha kama dakika arobaini na tano. Shabani anasema wataalamu wa Hungaria waliwapa vijana wa chuo muda huohuo wa muziki mtulivu wakati wa kulala, wakachapisha mwaka 2008 kwamba katika juma tatu usingizi wao uliboreka, na uliboreka kidogo kidogo kadiri siku zilivyokwenda. Kwa hiyo siharakishi. Nimeweka simu juu ya kigoda mbali na mkono wangu, kioo kikitazama chini, imepangwa izime yenyewe, na sauti ni ya chini kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili.

Sasa ombi langu, dada. Najua tangu Mzee afariki hukupenda kuligusa lile sanduku lake la bati, na nisingekuomba kama si shida. Kanda ile ilikuwa na gamba la kijivu, na Mzee aliandika juu yake kwa wino wa kijani, kwa ule mwandiko wake wa kuinamia kushoto. Ukiipata, usiichezeshe kwanza kwenye redio ya nyumbani, inaweza kuitafuna. Mpelekee yule kijana wa dukani karibu na stesheni anayehamisha kanda, mwambie aizungushe kwa mkono polepole hadi mwanzo, kisha aiweke kwenye memori kadi. Gharama zote ni juu yangu. Kadi umpe Hamisi akirudi na treni, aitie kwenye bahasha, si mfukoni.

Nina maswali mengi ambayo sikuuliza miezi yote hii. Mguu wa shemeji umepona, au bado anachechemea? Zuhura amepangiwa shule gani? Bi Hidaya amekubali kuondoka ile nyumba? Na wewe je, tangu msiba wa Mzee unalala? Hukuwahi kuniambia, nami sikukuuliza, na sasa naona nilipaswa kuuliza. Sanduku liko bado chini ya kitanda chake, au mlilihamisha? Kuna kanda nyingine za namna ile?

Na jambo la mwisho. Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, kanda ile Mzee aliirekodi mwenyewe kutoka redioni, na katikati ya upande wa kwanza anasikika akikohoa, mara mbili, kisha kiti kinalia. Kijana wa dukani atataka kukiondoa kikohozi hicho. Tafadhali mwambie akiache.

Ni mimi dada yako,
Mwajuma