Malalamiko kuhusu mfumo wa kaunta usiosomana na programu ya stoo na uhasibu

Duka la Mahitaji ya Nyumbani,
Msamvu, Morogoro.
3 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya programu za biashara,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MFUMO WA MAUZO KUTOSOMANA NA PROGRAMU YA STOO NA UHASIBU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa duka la Msamvu na tawi lake la Kihonda. Kampuni yenu ilituuzia mfumo wa mauzo wa kaunta, kisha ikachukua kazi ya kuuunganisha na programu ya stoo na uhasibu tuliyokuwa tukiitumia. Mkataba tuliosaini unasema kwamba bidhaa ikiuzwa kaunta, stoo itapungua papo hapo, hesabu zitaingia zenyewe, na mhasibu hatalazimika kuandika kitu kilekile mara ya pili. Fedha ya kazi hiyo nimemaliza kulipa, na ada ya mwaka pia. Nilichopata ni mifumo miwili inayorushiana namba bila kuelewana namba hizo zinahusu nini.

Naanza na maziwa ya paketi. Msambazaji huyaleta katika katoni za paketi 12, na stoo ilipokea katoni 10, yaani paketi 120. Kaunta inauza paketi moja moja. Wakati wa kuunganisha, mafundi wenu hawakuweka popote kwamba katoni moja ni paketi 12, kwa hiyo stoo ilisomeka 10. Tulipouza paketi 90, ikasomeka hasi 80, wakati kwenye friji zilikuwepo paketi 30 zinazoonekana kwa macho. Programu ikachukulia kwamba tumeishiwa na ikaandaa oda nyingine. Maziwa yana tarehe ya mwisho wa matumizi, hayakai kungoja hesabu zisahihishwe. Kwa sasa mtunza stoo wangu ana daftari pembeni ya kompyuta, na naagiza mzigo kwa kufuata daftari hilo.

Kwenye mafuta ya kupikia kosa ni hilohilo, ila linakwenda upande wa pili, na hapa ndipo lilipoumiza watu. Mama lishe na wenye maduka madogo hununua kwetu kwa jumla, katoni nzima ya chupa 12. Katoni ina barkodi yake ya tarakimu 14, tofauti na ile ya tarakimu 13 iliyo kwenye chupa. Kaunta inaitambua katoni na inatoza bei sahihi. Lakini kinachofika stoo ni “mafuta, 1”, na stoo inapunguza chupa moja. Maana yake kila katoni tunayouza kwa jumla inaacha vitabuni chupa 11 ambazo hazipo dukani. Tulipohesabu mali, upungufu ulikuwa mkubwa wa kutisha.

Tulimwita fundi wenu. Alitazama skrini, hakufungua hata katoni moja wala hakuuliza tunauzaje, akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba mfumo hauna tatizo na kwamba niwaangalie wasichana wa kaunta. Ndugu Mkurugenzi, mmoja wa wasichana hao ameshika fedha za duka hili tangu nikiwa na kaunta moja. Alilia siku ile, na alikuwa na haki ya kulia. Mhasibu wangu alitoa risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) za mauzo ya mafuta, akazilinganisha na fedha taslimu pamoja na zilizoingia kwa Lipa Namba, na zikawiana. Fedha yote ipo. Kilichopotea ni chupa ambazo mfumo wenu ulishindwa kuzihesabu. Kwa jambo hili nataka barua ya kuwaomba radhi wafanyakazi wangu, itakayosomwa mbele yao kama vile tuhuma ilivyotamkwa mbele yao.

La pili ni kodi, na hili ni zito kwa sababu linanigusa mimi na Mamlaka ya Mapato (TRA) moja kwa moja. Bei zetu za rafuni zina kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ndani yake, kama zilivyo bei za rejareja karibu kila duka nchini. Mteja akilipa shilingi 118,000, bidhaa ni 100,000 na VAT ya asilimia 18 ni 18,000. Mashine ya EFD inakokotoa hivyo na risiti inatoka hivyo. Mauzo hayo yakivuka kwenda kwenye uhasibu, ile 118,000 inapokelewa kana kwamba haijajumuisha kodi, kisha inapigiwa asilimia 18 upya. Inaandikwa VAT ya 21,240. Hiyo ni tofauti ya shilingi 3,240 katika mauzo ya 118,000 tu. Zidisheni kwa mauzo ya mwezi wa maduka mawili mpate picha. Zaidi ya hapo, mboga na matunda ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT chini ya sheria ya mwaka 2014, lakini kwenye vitabu yanatozwa kama sabuni.

Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, inatakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. TRA wanaona ripoti za Z za mashine yangu, yaani jumla ya mauzo ya kila siku inayotolewa na EFD. Ritani nikiijaza kutoka kwenye uhasibu unaolishwa na mfumo wenu, itapingana na ripoti hizo, na atakayeitwa kujieleza ni mimi. Ndiyo maana kila mwezi mhasibu anaacha kazi nyingine zote na kuijenga ritani kwa mkono kutoka ripoti za Z, moja baada ya nyingine. Mashine za EFD zilianza nchini mwaka 2010. Kampuni inayouza mifumo ya maduka Tanzania ilipaswa kuanza na swali la kodi iko ndani au nje ya bei kabla ya kuandika mstari wowote wa programu.

Mtandao nao. Kihonda intaneti hukatika, na kaunta huendelea kuuza bila tabu, jambo ambalo nalisifu. Lakini ikirudi, mauzo yaliyokuwa yakisubiri huvuka, na baadhi huvuka tena. Tunakuta vitabuni risiti ileile, dakika ileile, sekunde ileile, imeingia mara mbili. Kila risiti ina namba yake. Uhasibu ulitakiwa kuikataa namba ambayo tayari unayo. Bidhaa iliyorudishwa na mteja haivuki kabisa. Barkodi za bidhaa kadhaa kutoka nje zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo njiani kwa sababu zimepokelewa kama namba za kukokotoa, hivyo bidhaa moja inaishia kuwa na majina mawili stoo.

Haya yote nimeyapeleka kwa huduma kwa wateja kwa simu na kwa ujumbe wenye picha za skrini. Majibu yamekuwa kwamba kaunta iko sawa, nizungumze na wa programu ya uhasibu. Wao nao wanasema wanapokea kile wanachotumiwa. Mimi nilinunua muunganiko, na muunganiko ni kazi yenu.

Ninachodai ni hiki. Ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mlete fundi anayejua biashara ya duka akae Msamvu na mtunza stoo na mhasibu wangu, wapitie bidhaa zote na kuweka uhusiano wa katoni na kipande, aina ya kodi na barkodi zikiwa kama maandishi. Kila mauzo na kila marejesho yavuke mara moja tu kwa namba ya risiti yake, na kila jioni kabla ya kufunga siku nipate taarifa inayolinganisha kaunta, ripoti ya Z na uhasibu. Hesabu zilizoharibika mzisahihishe kwa gharama zenu, na mnirudishie ada ya muda wote ambao mfumo haukufanya kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Iwapo hamuwezi, mnikabidhi data yangu yote, mauzo, bidhaa na wateja, katika mafaili yanayofunguka kwenye programu nyingine, pamoja na fedha niliyolipia kazi ya kuunganisha.

Siku hizo zikipita bila hatua, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nikiambatanisha mkataba, tangazo mlilotumia kutuuzia mfumo na vielelezo vyote vilivyotajwa humu.

Wenu,

Mmiliki,
Duka la Mahitaji ya Nyumbani, Msamvu na Kihonda.

Nakala:
Mhasibu wa duka
Wakili wa duka

Viambatanisho: mkataba; ripoti za Z na kurasa za uhasibu za siku hizohizo; orodha ya risiti zilizoingia mara mbili; kurasa za daftari la stoo.