Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: mtaro ule uwekewe taa kabla giza halijaingia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye milango mingine nimeshabisha hodi. Nilianza kwa mjumbe, nikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha nikapeleka barua kwa mtendaji wa kata na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ninao, jibu sina.

Juzi usiku, mvua ikiwa imetoka kukatika, bodaboda aliyebeba mama na mtoto alitumbukia kwenye mtaro wa kalvati, ule uliochimbwa kupitisha maji chini ya barabara, mbele ya duka langu. Nauza dawa, duka langu ni lile la dawa muhimu, na tangu ujenzi wa barabara uanze majeruhi wote wa kipande hiki hukimbizwa kwangu kwanza. Yule mama aliingia kiganja kimechunika, kokoto zimezama kwenye nyama. Nilizitoa moja moja kwa kibanio huku nikimmulikia kwa tochi ya simu. Mtoto alikaa kwenye benchi, kiatu cha mguu mmoja hana, wala halii. Dereva ndiye aliyenitisha zaidi, maana kila akivuta pumzi alishika mbavu. Kibali changu hakiniruhusu hata kushona kidonda, seuze kushughulikia mbavu. Tukatafuta bajaji ya kumpeleka kituo cha afya, na bajaji yenyewe ikabidi irudi kinyumenyume hadi karibu na msikitini kwa kukosa pa kugeuzia. Wote watatu wako hai, tunamshukuru Mungu.

Mheshimiwa, mtaro huo unaujua. Ulikuja hapa ukasimama juu ya kifusi, ukashika kipaza sauti, na mbele ya mhandisi wa mkandarasi ukaagiza kila shimo liwe na uzio na taa ndani ya wiki mbili. Tulikupigia makofi, na mimi nilikuwa mbele kabisa. Vuli imepita tangu siku ile, na sasa masika imeanza. Uzio tulioupata ni utepe wa mistari myekundu na myeupe uliofungwa kwenye vijiti, nao ulikatika kabla wiki haijaisha. Taa hatujaiona hata moja.

Nieleze hali ilivyo, kwa sababu najua wageni mnaletwa mchana, na mchana kuna nafuu. Vijana wawili wenye bendera wanaruhusu magari kwa zamu, koni zimepangwa, madereva wanapunguza mwendo hata kama wanatukana. Ikifika saa kumi na moja jioni pikapu inapita kukusanya koni. Vijana wa bendera wanarukia nyuma, wanakwenda zao. Mtaro unabaki wazi, kina chake kinampita mtu mzima kiunoni, na mvua ikinyesha maji yanajaa hadi juu, usijue kama ni dimbwi au ni shimo.

Kibao cha mchepuko kipo, sitasema uongo. Kimesimikwa hatua chache kabla ya pale barabara inapokatika, na kimepakwa tope hata maandishi hayasomeki. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akishakiona kibao, akashtuka, akatafuta breki, ameshafika. Ndiyo maana kibao cha kwanza hutakiwa kiwe mbali sana, kifuatwe na cha kupunguza mwendo, halafu koni zipangwe mshazari zilisogeze gari taratibu upande wa pili, na pabaki nafasi tupu kabla ya shimo ili hata aliyekosea apate pa kusimama. Hayo si maarifa ya siri. Hata mwanangu aliyesoma udereva wa chuo anayajua.

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Usiku malori ya mchanga hapa hayana habari na ukomo huo, na trafiki hawapo. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 tu, hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara 4.5. Watembea kwa miguu ndio sisi. Wanafunzi wanaotoka masomo ya jioni wanavuka hapa gizani.

Kwa nini koni ziondolewe jioni? Nahisi wanaogopa wizi, na hofu hiyo ina msingi. Wapo watu wetu wanaong'oa vibao vya barabarani wakaviuze kama vyuma chakavu, ni aibu yetu na tuisemee sisi wenyewe mitaani. Lakini mapipa ya plastiki yaliyojazwa mchanga nani atayabeba? Na mlinzi yupo, Mheshimiwa. Anakesha karibu na kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, akilinda dizeli isinyonywe, na amewashiwa taa kubwa ya jenereta. Taa hiyo imeelekezwa kwenye kijiko. Kutoka pale hadi mtaroni unarusha jiwe likafika. Nimemwomba yule mlinzi aigeuze kidogo tu, akanijibu kwa adabu kwamba ataulizwa, na simlaumu, naye anatafuta mkate wa watoto.

Wala hatuombi hisani ya mkandarasi. Vipimo vya kazi za barabara vilivyotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 2000 vina sehemu nzima, ya 1500, kuhusu kuwahudumia wapita njia wakati ujenzi unaendelea: mchepuko, vibao, vizuizi, taa na washika bendera. Kazi hiyo huwekwa kwenye mkataba na hulipiwa kama zege linavyolipiwa. Kama hapa imelipwa, taa ziko wapi? Na kama haikuwekwa bei ya maana, aliyeipitisha ni nani? Mhandisi mshauri anayesaini hati za malipo amewahi kupita hapa baada ya swala ya isha? Mimi sijamwona, na nafunga duka saa nne usiku.

Yangu binafsi nayataja kwa ufupi. Kuingia dukani kwangu ni kwa ubao mmoja juu ya mtaro. Mzee wangu wa kisukari, mteja wa miaka mingi, ameacha kuja na sasa anamtuma mjukuu, na mara nyingine mjukuu anasahau dawa mojawapo. Wajawazito wananisimamia ng'ambo, wananiita, namtuma binti awapelekee. Vumbi limeingia hadi ndani ya kabati za vioo. Boza la kumwaga maji mara ya mwisho tuliliona siku ile uliyokuja wewe. Mapato yameshuka kiasi kwamba kodi ya fremu nailipa kwa kukopa kikobani. Haya nitayavumilia, kwa sababu barabara naitaka. Nina dada yangu anaishi upande wa Kibaha, na naona barabara ya njia nane kutoka Kimara ilivyowapunguzia kero ya foleni. Asiwepo mtu wa kukuambia kwamba tunapinga maendeleo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mambo mengi ya kudai: njia salama ya waenda kwa miguu, matuta ya muda, boza la kila siku, trafiki wa usiku, fidia. Yote bado nayadai, lakini yanaweza kusubiri kikao. Hili moja halisubiri kikao. Agiza leo mtaro wa kalvati uzungushiwe mapipa na uwekewe taa zinazowaka usiku kucha, na koni zisiondolewe jioni. Usitume ujumbe tu, Mheshimiwa. Njoo mwenyewe baada ya saa moja usiku, bila msafara na bila ving'ora, uje na mhandisi mshauri, mtembee kwa miguu kutoka msikitini hadi dukani kwangu. Mkifika mtaniambia kama mliuona mtaro kabla ya kuufikia.

Taa, Mheshimiwa. Uliahidi taa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama muuza dawa, mkazi wa kando ya barabara