Safari ya msitu wa Rondo, Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi, Jumamosi ndo hiyo jamani. Tunaondoka stendi ya Lindi mjini saa 11 alfajiri, kosta haimsubiri mtu maana njia ya kupanda Rondo ikipata mvua inateleza balaa.

1. Mchango elfu 45 (gari, kiingilio, mwongozaji, msosi), mwisho Alhamisi jioni kwa mweka hazina.
2. Viatu vya kufunika, suruali ndefu, koti la mvua, dawa ya mbu. Ndala hapana!
3. Wanaolala waje na tochi, komba wa Rondo anatoka usiku tu na ni kadogo kanaenea kiganjani, gramu 60 hivi, kwahiyo mkipiga kelele hamumuoni ng'o.

Anayekuja aandike "nipo" hapa kabla ya kesho saa 2 usiku, mama ntilie anataka idadi ya sahani.